Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2020

Ndugu Mlezi wetu, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wa jumuiya yetu ya sanaa hapa chuoni, Assalaam alaykum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, baada ya mwaka ambao hakuna kati yetu aliyeutarajia. Nawashukuru na nyinyi mliofika. Barua ya mwito ilisema saa nane mchana. Saa nane tulikuwa watu 19 na viti. Katiba yetu inataka theluthi ya wanachama, daftari lina majina 118, kwa hiyo tunahitaji watu 40. Akidi imetimia baada ya sala ya Alasiri, na imetimia kwa sababu Katibu alitoka nje akamkuta dada mmoja wa mwaka wa tatu bandani anakula urojo, akamuomba aingie na bakuli lake. Tunamshukuru dada huyo. Suala la mahudhurio nitalirudia, anayedhani limekwisha asijipe moyo.

SHUGHULI ZA KAWAIDA

Hizi mnazijua, nitapita haraka. Mwanzoni mwa mwaka tuliandikisha wanachama wapya 34. Kundi la taarab lilifanya mazoezi yake, baraza la mashairi lilikaa kila Alkhamisi, kundi la maigizo lilianza mchezo mpya. Tarehe 13 hadi 16 Februari baadhi yetu tulikwenda Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, kila mtu kwa nauli yake. Katikati ya Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, na wiki hiyohiyo Zanzibar ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Juni tukarudi. Baada ya hapo ni vipindi vya kufidia na mitihani. Oktoba ulikuwa mwezi wa uchaguzi mkuu, hatukufanya kitu. Novemba tulifanya onesho moja. Ndiyo hayo.

SUALA LA FEDHA ZA SAFARI YA PEMBA

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana kwenye ngazi za dakhalia (bweni), kwenye daladala, na hata kwenye harusi moja niliyohudhuria Fuoni, ambako mtu aliniuliza mbele ya sahani ya biriani fedha za safari ziko wapi. Nitajibu hapa mara moja, na Katibu aandike kwenye kumbukumbu ili nisiulizwe tena.

Tulikuwa na shilingi 1,480,000. Zilitokana na viingilio vya onesho la mwaka jana na michango ya watu wema, na zilikusudiwa safari ya Aprili: boti mpaka Mkoani, gari mpaka Chake Chake, siku tatu za kubadilishana mashairi na ngoma na wenzetu wa kule. Safari haikufanyika. Chuo kimefungwa, mikusanyiko imezuiliwa, nani angepanda boti na nani angempokea? Hapo hakuna mzozo. Mzozo ni kwamba mwezi wa Aprili, kwa idhini yangu, shilingi 900,000 katika fedha hizo zilinunua bando kwa wanachama 45, kila mmoja shilingi 5,000 kwa wiki kwa wiki nne, ili baraza letu la mashairi liendelee kwenye simu. Wapo wanaoliita jambo hili ubadhirifu. Wapo waliosema zaidi ya hapo, na sitayarejea maneno yao mbele ya Mlezi.

Niwakumbushe hali ilivyokuwa. Mliondoka chuoni ndani ya siku mbili tatu, wengine magodoro yenu mmeyaacha. Hatukujua tunafungwa wiki mbili au mwaka. Kundi letu la WhatsApp, ambalo zamani lilikuwa la mashairi na matangazo ya mazoezi, likageuka uwanja wa khofu: huyu analeta habari ya tangawizi na limau, yule picha ya majeneza ya nchi nyingine, mwengine sauti ya daktari asiyejulikana yuko wapi wala kama ni daktari. Wiki ya pili watu 14 walijitoa kwenye kundi. Mimi ndiye niliyekaa usiku kufuta yale, na ndiye niliyewapigia simu mmoja mmoja waliojitoa, kwa salio langu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu waliokuwa kimya wakati ule ndio wenye sauti kubwa leo.

Hapo ndipo nilipoleta shauri la malumbano ya mashairi. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Alkhamisi baada ya Isha mtu mmoja anatuma vois, yaani ujumbe wa sauti, ya beti moja, mizani (silabi) nane kwa nane, na atakayemjibu ana mpaka Alkhamisi inayofuata, na lazima avichukue vina vya mwenzake. Mlezi wetu akakubali kuwa mwamuzi. Wiki ya kwanza walioingia ni wanane, wote wa mjini. Nikauliza wengine wako wapi. Majibu niliyopewa faraghani ni ya namna moja: sina bando, Mwenyekiti. Baba alikuwa anafanya kazi hotelini Nungwi, wageni hawaji, hoteli imefungwa. Mama anauza vinyago Paje, hajauza tangu Machi. Ndege za watalii zilipokatika, ziliondoka na karo na nauli na vocha za watu wengi waliomo humu ukumbini. Mwanafunzi anayeombwa na nyumba yake achangie unga hawezi kununua bando la kutuma shairi.

Nimeambiwa sikuitisha kikao cha Kamati. Ni kweli kikao cha kukaa hakikuwepo. Kamati ina watu 11, na mwanzoni mwa Aprili simu ya pamoja ya WhatsApp ilikuwa haichukui zaidi ya watu wanne. Mwisho wa mwezi wakaongeza wakafika wanane, na sisi bado 11. Zoom ya bure hukata ikifika dakika 40, na kwa Kamati hii dakika 40 ni za kusalimiana na kuulizana nani hasikiki. Nilichofanya, nilimpigia kila mjumbe peke yake. Saba walikubali, wawili walisema nifanye ninavyoona, mmoja simu yake haikupatikana, na mmoja alikataa. Aliyekataa namheshimu, na yumo humu, na haki yake ya kukataa hakuna aliyemnyang'anya. Lakini saba katika kumi na mmoja ni wengi kwa hesabu yoyote ile.

Lingine, na hili ndilo lililoniuma. Katika wale 45, 29 wako Pemba na 16 wako Unguja. Mimi ni mtu wa Wete, hukohuko Pemba. Basi watu wakajumlisha. Ndugu zangu, tangazo la kuomba bando lilikaa kwenye kundi siku nne. Kila aliyeomba kabla ya muda kwisha alipata, hakuna hata mmoja aliyekataliwa, na orodha iko kwa Mshika Fedha, akitaka mtu akaitazame. Watu wa Pemba waliomba zaidi kwa sababu waliohitaji walikuwa zaidi. Huyu wa Kikwajuni anaingia kwa mjomba wake ofisini akapata intaneti ya bure. Yule wa Micheweni hana mjomba wa namna hiyo. Jina langu kwenye orodha ile halimo, na jamaa zangu hawamo, kwa sababu hakuna jamaa yangu aliye mwanachama ila binamu mmoja, naye aliomba akiwa amechelewa, akakosa, na mpaka leo kwao wananitazama kwa jicho la pembeni.

Na je, fedha zile zilileta nini? Baada ya bando kuingia, walumbanaji walifika 52, kwa sababu hata wenye uwezo wao waliona haya kunyamaza. Ramadhani ilipoanza, mwishoni mwa Aprili, tukahamishia malumbano baada ya tarawehe, na kundi likawa halilali. Tulipata vois zaidi ya 200. Mlezi, ambaye si mtu wa kusifu ovyo na wanafunzi wake wanalijua hilo, alisema alizisikiliza nyingine mara mbili.

Nitataja moja tu. Dada mmoja wa mwaka wa pili, yuko Micheweni, alitumwa beti ya kujibu wiki ambayo masika yalikuwa yamekaza. Nyumba yao ni ya bati. Vois ya kwanza aliyoleta ilikuwa mvua tupu, husikii neno. Ya pili, mvua na kuku. Ya tatu alijifunika blangeti pamoja na simu, na ukiisikiliza leo utasikia pumzi yake imebana kwa joto, mvua iko mbali kama inanyesha kijiji cha pili, na yeye anasema hivi:

Mlango nimeufunga, mkono sikupi tena,
Si kiburi si kuringa, wala hatukugombana,
Jirani ni kujikinga, ndiyo njia ya kupona,
Salamu shika simuni, mikono tutapeana.

Beti ile ilijibiwa na watu 17 kwa wiki moja. Mmoja alimjibu kwa niaba ya jirani aliyefungiwa mlango, kwa hasira, na ni katika majibu mazuri tuliyoyapata. Shangazi yake dada huyu, ambaye hajawahi kukanyaga chuo, aliomba apewe simu naye atoe ya kwake. Alitoa, na kwa vina aliwashinda wengi wanaosomea fasihi hapa, lakini kwa kuwa si mwanachama hakuhesabiwa.

Mtu mmoja aliniambia sanaa ya sauti bila hadhira mbele yako si sanaa, na kwamba tulichofanya ni mchezo wa simu. Namheshimu, ila namkumbusha kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba mbele ya mashine, na waliomsikia huku pwani walimsikia kwenye santuri, wengi wao hawajapata kumuona. Washairi wa Mombasa na Lamu walilumbana kwa karatasi zilizovuka bahari. Wao walingoja pepo, sisi tulingoja mtandao ushike. Ukumbi ni mzuri, lakini ushairi wetu haujapata kuungoja ukumbi.

SUALA LA PAZIA

Kundi la maigizo nalo lina lake. Kabla hatujarudi chuoni mwezi wa Juni tuliambiwa tuje na barakoa. Barakoa za madukani zilikuwa zimepanda bei, na baadhi yenu mlinipigia kuniuliza kama jumuiya itasaidia. Jumuiya haikuwa na kitambaa. Ilikuwa na pazia la jukwaa, yadi 14 za pamba ya buluu iliyoiva, na utepe wa rangi ya dhahabu chini, limekunjwa kwenye kabati la stoo tangu Machi na panya wameanza kulionja pembe moja. Nikaamua likatwe. Mama wa mwanachama mmoja Mwanakwerekwe ana charahani mbili, alitushonea kwa bei ya huruma. Shilingi 320,000 zilikwenda kwenye ushoni, uzi, lastiki mpaka ilipoadimika na tukatumia kamba za kitambaa hichohicho, pamoja na kanga kuukuu za kuweka katikati. Tulipata barakoa 160. Mwezi huohuo wa Juni Shirika la Afya Duniani likashauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, na za kwetu zilikuwa nazo tatu, pazia, kanga, pazia.

Kundi la maigizo linasema pazia lile lilinunuliwa na waliotutangulia kwa jasho, na kwamba onesho la Novemba limefanyika na mashuka yaliyofungwa kwenye kamba, na katikati ya kitendo cha pili shuka moja likaanguka likamfichua muigizaji anabadilisha kanzu. Nilikuwepo, nililiona. Watazamaji walicheka na mchezo ulikuwa wa kuhuzunisha. Lakini nawauliza wenzangu wa maigizo, na wasiniwie vibaya: mlikuwa mnataka pazia zima na ukumbi wa watu wanaokohoa? Na nani aliyegombania zile barakoa 20 na kitu zilizotoka sehemu ya chini, zenye utepe wa dhahabu? Hawakuwa watu wa taarab. Mpaka leo nawaona wakizivaa Ijumaa.

Jambo hili nalifunga hapa. Katika ile 1,480,000, bando ni 900,000, barakoa 320,000, na 260,000 ziko kwenye akaunti.

ADA NA MAHUDHURIO

Ada ya mwaka ni shilingi 5,000. Wanachama 118 wangelipa tungekuwa na 590,000. Waliolipa ni 37, tumepata 185,000. Wanaodaiwa ni 81. Katika hao 81, 22 walipewa bando, na hao sikuwadai wala sitawadai kwa mwaka huu, nimekwisha eleza hali za majumbani mwao. Wanaobaki ni 59. Kati ya hao nawajua ambao wamebadilisha simu mwaka huu. Nawajua ambao kila Jumamosi wako Forodhani na mishikaki na juisi ya miwa, na picha wanaweka wenyewe. Na nasikitika kusema wapo watatu waliomo kwenye Kamati hii iliyokaa mbele yenu, ambao wameomba nisiwataje. Sitawataja. Wanajitazama wenyewe.

Jambo la ajabu ni kwamba, kwa hesabu ya Mshika Fedha, katika watu waliokuwa wakiuliza kwa ukali zaidi kuhusu fedha za safari ya Pemba, waliolipa ada ni wawili. Sisemi asiyelipa hana haki ya kuuliza. Katiba haisemi hivyo, nimeitafuta hiyo sehemu na haimo.

Kuhusu mahudhurio, niliamini tukirudi chuoni, baada ya miezi ya kutamaniana, Alkhamisi ukumbi utajaa. Tulihamishia baraza nje chini ya mwembe, watu wakae mbalimbali, ndoo ya maji na sabuni imewekwa, mimi mwenyewe nilikuwa nikiijaza. Wiki ya kwanza tulifika 40. Wiki ya tatu 15. Agosti kuna Alkhamisi tuliyokaa watu sita na paka. Katika simu tulikuwa 52 usiku wa manane wa Ramadhani, na mvua, na chaji inaisha. Chini ya mwembe, hatua mia moja kutoka dakhalia, sita. Nimeuliza sababu. Wengine mitihani, nakubali. Wengine wanasema wamezoea simu sasa, Mwenyekiti kwa nini tusiendelee hukohuko? Watu haohao ndio wanaosema bando lilikuwa upotevu wa fedha. Nimeshindwa kuyaunganisha maneno haya mawili, labda kuna mwenye elimu zaidi yangu humu atanisaidia wakati wa maswali.

Kundi la taarab ndilo pekee lililohudhuria vizuri, na nalipongeza, ingawa nalo linadai nyuzi za udi tangu Septemba.

MATARAJIO

Inshallah mwakani tunatarajia kuzikusanya vois zile, kuziandika, na kutoa diwani. Baadhi zimepotea simu ya Katibu ilipojaa, lakini nyingi ninazo mimi kwenye flashi, na Mlezi ameahidi kutazama uwezekano. Tunatarajia kununua pazia jipya hali ya fedha ikiruhusu. Safari ya Pemba tunatarajia kuifanya tukipata wafadhili, na kuna mazungumzo yanaendelea na watu fulani ambao sina ruhusa ya kuwasema kwa sasa. Tunatarajia pia kuwa na baraza la Alkhamisi la aina mbili, la mwembe na la simu, utaratibu wake utapangwa. Kuna wazo la kuwaingiza wanachama wa heshima kutoka nje ya chuo, na hapo nilimfikiria shangazi wa Micheweni.

Namshukuru Mlezi kwa subira yake, Katibu kwa kazi kubwa pamoja na simu yake, na Mshika Fedha kwa kuhifadhi kila risiti hata zile za vocha. Kamati inabaki kama ilivyo mpaka uchaguzi wa Machi. Nimeulizwa kama nitagombea tena, nami nimesema wanachama wakiona inafaa sitawaangusha.

Sasa nafungua maswali, mkono mmoja mmoja. Wakati huohuo nawajulisha kwamba Mshika Fedha amekaa mlangoni na daftari la ada, na mlango wa nyuma tumeomba ufungwe mpaka mkutano umalizike.

Mwenyekiti,
Unguja, Disemba 2020